Ngozi ya Ndege ya Larion

Anchorage,
14 Januari 1979

Mama Agafia,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni juu yenu huko Nanvacuak.

Ndege ya Larion imefika. Simeon aliitua juu ya barafu ya ziwa, hapa mbele ya banda letu la kutengeneza ndege, akaruka chini akicheka, masharubu yameganda. Nilibonyeza kitambaa cha bawa kwa dole gumba, dole likatoboa na kuingia hadi kwenye kiungo. Nikamwambia, "Shemeji, umevuka milima umekalia gazeti." Akasema, "Basi gazeti zuri, shemeji, maana halikuwa na habari mbaya." Lakini habari mbaya tulikuwa nayo wenyewe, mmoja kila upande wa bawa.

Kitambaa kimekufa, Mama. Kitambaa cha ndege hakiuawi na baridi wala bunduki za watani wa Simeon wanaoilenga kwa mzaha. Kinauawa na jua, polepole, chini ya rangi, wewe huku unaona rangi inang'aa tu. Larion alijua. Alisema tutaivua yote majira haya ya baridi, mimi na yeye, tuivalishe upya. Sasa nitaivua peke yangu.

Simeon anaitaka kabla mto haujafunguka. Anasema barafu ikiondoka tu, ataruka chini chini juu ya maji, toka kijijini hadi mdomoni mwa mto, kumtafuta kaka yake. Nimemwambia itakuwa tayari. Tangu barafu ya mto ilipovunjika na pikipiki ya theluji ikazama na Larion mwezi wa kumi na moja, hilo ndilo neno pekee nililomwambia mtu nikiwa na hakika nalo.

Nakula. Nalala vizuri, tena vizuri mno. Watu hapa bandani wananisemesha kwa sauti ya hospitali. Sihisi kitu, Mama. Nakuambia wewe kwa sababu ukiniona utajua, heri ujue kwa barua.

Mkamwana wako,
Dagny


Nanvacuak,
2 Februari 1979

Mkamwanangu Dagny,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikikutafuta ndani yake. Nimekuta bawa, nimekuta jua, nimekuta hata bunduki. Wewe sijakukuta. Mtangazaji wa hali ya hewa ana machozi kuliko wewe.

Mimi ni mzima. Goti linauma kwa sababu ni goti langu. Krismasi yetu ya kanisani, ile ya Januari, imepita, nyota ya mbao imezungushwa nyumba kwa nyumba, tumekula mpaka tukachoka, na kwangu kiti cha Larion walikikalia watu watatu kwa zamu bila kuambiwa. Hakuna aliyetaka kionekane kitupu.

Nina ombi moja. Hiyo ngozi ya zamani unayoivua kwenye ndege, usiitupe. Usiichome. Usimpe mtu afutie mafuta. Ikunje uniletee.

Usinicheke kwa kuiita ngozi. Nilipoolewa, mume wangu alikuwa na mashua ya kuketi mtu mmoja, fremu ya mti, na juu yake ngozi za sili wa baharini. Tulikuwa tukishona wanawake watano tumekaa kwa mstari, ngozi bado mbichi, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda kulala wala kugombana mpaka mshono uishe, maana ngozi ikikauka nusu imeshonwa imekuharibikia. Mshono wenyewe ni mara mbili, na sindano haipiti mpaka upande wa pili. Ikipita, maji nayo yatapita. Wewe na mimi ni mafundi wa kazi moja, ila yangu ilikwenda majini na yako inakwenda hewani. Na Larion, kwa ukaidi wake, akazichukua zote mbili.

Nakutumia samaki mkavu na mafuta ya sili. Chupa inavuja kidogo. Bosi wako akilalamika harufu, mwambie vanishi yake inanuka zaidi.

Umelia? Nauliza tu.

Mama yako,
Agafia


Anchorage,
20 Februari 1979

Mama,

Samaki amefika, mafuta nusu. Nusu nyingine imo ndani ya gunia la posta na kwenye barua za watu wengine. Mzee Tollef, bosi, alifungua mlango wa banda baridi yote ikaingia, akasema, "Nani kafa humu?" Kisha akakumbuka anazungumza na nani, akaenda kujifungia chooni kwa muda mrefu. Samaki alimla baadaye. Ameomba wengine.

Ngozi nimeiweka. Tollef ana pipa nje la kuchomea vitambaa vya zamani, na mkono wangu ulikuwa umeshaiinua ngozi ya mkia mzima kuitia humo barua yako ilipofika. Nimeikunja yote nyuma ya kabati la rangi. Hukusema ya nini.

Nimekuta kiraka chako. Kile cha tumboni, karibu na mkia, mwaka ule dubu alipoikwarua ndege akitafuta nyama. Larion aliniambia alikibandika mwenyewe kwa mkanda. Mwongo. Nilipovua rangi nikaona ngozi ya sili imeshonwa kwa nyuzi za mshipa, mara mbili, na sindano haikupita. Kitambaa kizima kilikuwa kimeoza ila hapo. Nilibonyeza kwa dole gumba, nikabonyeza tena kwa nguvu zote, hapakutoboka.

Sasa nafanya bawa la kulia. Kitambaa kipya kinakuja kimelegea kama shuka. Unakigundisha kwenye fremu, halafu unakipiga pasi, nacho kinajivuta chenyewe mpaka kinalia kama ngoma ukikigonga. Pasi ikizidi moto, au ikikaa mahali pamoja, kitambaa kinayeyuka. Baada ya hapo ni kushona, kukifunga kitambaa kwenye kila ubavu wa bawa kwa uzi wa nta na sindano ndefu kama mkono. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Bawa linasimamishwa wima, mmoja huku, mmoja kule, mnapitishiana sindano. Tulivyofahamiana mimi na Larion ni hivyo. Kiangazi kizima nilijua ncha za vidole vyake kabla ya kuujua uso wake vizuri.

Tollef alisema atanipa mtu wa kunishikia upande wa pili. Nimekataa. Nachoma sindano huku, nazunguka bawa, naichomoa kule, nairudisha, nazunguka tena. Inachukua muda, lakini miguu inapata shughuli.

Kuhusu swali lako: vanishi inatoa machozi kila siku. Hesabu hayo.

Dagny


Nanvacuak,
1 Machi 1979

Shemeji,

Ni mimi Simeon, mzuri kuliko wote waliobaki. Mwandiko usiucheke, kalamu imeganda.

Nakuandikia bila Mama kujua. Ile ngozi ya zamani anayokuomba anataka kuizika. Amekwisha kumwambia Padri. Anataka sanduku litengenezwe, ngozi ya ndege itiwe humo badala ya Larion, msalaba usimame, yaishe, kabla mto haujafunguka. Padri anakuna ndevu, anasema hajawahi kuzika ndege. Mama akamwambia, "Basi utakuwa wa kwanza, utakumbukwa."

Shemeji, usiilete. Tukishazika, nani atanipa mafuta ya kuruka kumtafuta mtu ambaye msalaba wake uko pale unaonekana? Wazee watasema amekwisha pumzika, muacheni. Mimi siwezi kumuacha chini kule na pikipiki mbovu niliyomuuzia mimi. Hilo la pikipiki usinijibu.

Nastasia wangu tumbo limefika puani. Anatembea kama ndege iliyojaa mizigo. Nimemwambia hivyo, nikalala jikoni.

Shona upesi. Lakini si upesi sana, maana nitakayeikalia ni mimi.

Shemeji yako,
Simeon


Anchorage,
10 Machi 1979

Mama Agafia,

Salamu. Nimekwenda posta kuhusu ile ngozi. Wamekataa. Wanasema kitu kilicholowa mafuta na vanishi kinaweza kushika moto ndani ya ndege ya barua. Ndiyo sheria. Tuone baadaye.

Bawa la kulia limekwisha kushonwa na kupakwa, na limepata ile rangi ya fedha inayozuia jua. Kesho kutwa naanza la kushoto. Waambie walioko nyumbani kwamba ahadi yangu iko palepale, ndege itakuwa tayari kabla ya mto.

Dagny


Anchorage,
29 Machi 1979

Mama Agafia,

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Jumanne nilikuwa napiga pasi bawa la kushoto. Lilikuwa limelala chali juu ya vigogo, tumbo juu, na lilibaki pande moja tu la kitambaa kupigwa pasi. Redio ilikuwa inasema. Tollef hupenda kile kipindi cha salamu za watu wa vijijini, nani amechelewa na ndege, nani amejifungua, nani alete betri. Mtangazaji akasoma, nami nilisikia neno kwa neno, na nitayasikia mpaka nife: "Kwa Dagny, Anchorage. Larion amefika nyumbani. Mzima. Ana njaa kama kawaida yake. Kutoka kwa Mama."

Tollef ananiambia nilikuwa nimesimama mdomo wazi, nikitabasamu, na moshi unatoka chini ya mkono wangu. Alinisukuma. Pasi ilikuwa imepita ndani ya bawa. Imeacha tundu lenye umbo la pasi, hata ncha yake ya mbele unaiona.

Nilipiga simu ya kijiji, imekufa. Nikapiga tena. Nikafunga mizigo, Mama. Nikatia soksi zake kwenye begi, zile nzito, nikifikiri miguu yake itakuwa na baridi. Mtu aliyezama Novemba, mimi nafikiri habari ya soksi. Nilikuwa nimeshampangia yote: ametoka majini, amelala kwenye kambi ya watu fulani, ana homa, amesahau jina lake, sasa amekumbuka. Siku mbili niliishi naye hivyo.

Alhamisi rubani wa barua akaniambia, huku anatafuna, "Hongereni, Simeon amepata mtoto wa kiume. Wamempa jina la kaka yake."

Najua desturi yenu ya kumpa mtoto jina la marehemu na kusema amerudi. Larion alinieleza, na nilihudhuria wengine wakipewa majina nikala na kuondoka. Lakini ulishindwa kusema mtoto, Mama? Neno moja tu, mtoto! Ulikuwa unanipima? Ulikuwa unataka nilie?

Basi sikulia. Nilifungua begi nikazirudisha soksi.

Tollef anataka kitambaa chote cha bawa lile king'olewe nianze upya. Nikianza upya, mto utatangulia.

Dagny


Nanvacuak,
6 Aprili 1979

Dagny, mwanangu,

Nimesomewa barua yako, kwa sababu nilipoanza kuisoma mwenyewe macho yalikataa. Nilisomewa na Simeon, naye akakwama kwenye soksi, akatoka nje kukata kuni. Kuni tunazo nyingi.

Nisamehe. Sikukupima. Sikukumbuka kabisa kwamba kuna mtu ulimwenguni angesikia maneno yale akaelewa vingine. Kijiji kizima kilisikia, hakuna aliyeshtuka, walikuja tu na vyakula. Huku mtu akifa tunakaa tunamngojea, na akizaliwa mtoto tunamtazama, jina likimkaa basi amefika. Huyu alikataa ziwa la mama yake tangu kuzaliwa kwake, analia, anageuza uso. Nikamwinamia sikioni nikasema, "Larion." Akanyamaza. Akashika ziwa kama mlevi. Nikamwambia mwalimu aliyekuwa kwenye redio ya shule, upesi, mwambie mke wake amefika! Furaha ilinitangulia. Mimi ni mwanamke mzee mpumbavu, na wewe umeungua kwa upumbavu wangu, wewe na bawa lako.

Sasa tusemezane ukweli wote. Simeon ana mdomo kama mlango wa duka, nilijua amekuandikia. Na posta haijakataa kitu tangu waanze kubeba matumbo ya nyangumi. Nilijua unanidanganya, nikakuacha.

Ni kweli nilitaka kuizika ngozi. Zamani mtu akipotea majini, mashua yake ilipelekwa makaburini ikakatwa ngozi, ili na yeye aachiliwe. Ndege yenyewe siwezi kuikata, Simeon atalia kama mtoto. Nikasema nipate hata ngozi yake. Sikuwa na kitu cha kukiwekea mkono. Hilo ndilo lililonisumbua, wala si kumkatia tamaa. Wewe una bawa la kushika kutwa nzima. Mimi nilikuwa na kiti.

Lakini mambo yamegeuka. Mwenye jina amerudi, na kitu cha mtu aliyerudi hakizikwi. Ngozi ya mashua iliyochoka tulikuwa tunaikatia watoto viatu. Ilete, nitatoa kile kipande chenye kiraka changu, nikitie chini kwenye susu ya mtoto, kwa ndani. Alilalia kiraka hicho miaka mingi akiwa angani, sasa akilalie akikojoa.

Na wewe uje. Una kazi yako kama mke. Mwenye jina hupewa nguo mpya na maji ya kunywa, na watu wa marehemu wenyewe, kwa mkono. Marehemu huwa na kiu sana. Nguo ushone mwenyewe, mshono mdogo.

Hapa nyumbani ni vituko. Mimi namwita mwanangu. Simeon anamwita kaka. Jana nimemwona anambadilisha kaka yake nepi, anamwambia, "Bwana mkubwa, ulinipiga utotoni, leo nimekukamata miguu." Nastasia alicheka mpaka mshono ukamuuma.

Usilie kwa ajili yangu, na sitakuuliza tena.

Mama yako,
Agafia


Anchorage,
2 Mei 1979

Mama,

Simeon amefika leo kuchukua ndege, naye ndiye atakayekuletea barua hii pamoja na ngozi yote. Anazunguka bandani, anagonga mabawa kwa kidole na kusikiliza, anajifanya fundi.

Kitambaa cha bawa la kushoto sikuking'oa. Nilimwambia Tollef kitabu cha kanuni za ndege kinaruhusu kiraka, akasema kitabu kinaruhusu, lakini macho yake hayaruhusu. Tukagombana. Mwishowe akauliza, "Kwa nini unataka tundu lile libaki, mama?" Nakujibu wewe. Tangu Novemba sikuwa nimehisi kitu, moyo umekufa ganzi kabisa, nikidhani ndivyo nitakavyokuwa. Siku ile, kwa muda wa kuungua kitambaa, nilihisi. Ilikuwa furaha, Mama, ya uongo, lakini ilikuwa furaha. Sina ushahidi mwingine kwamba bado nimo humu ndani.

Nilisafisha kingo, nikakata kiraka kikubwa kidogo kuliko tundu, kwa umbo lake lilelile, kingo zake zimekatwa meno meno. Nikakigundisha, nikapiga pasi kwa moto mdogo, nikapaka vanishi, rangi ya fedha, kisha nyeupe. Mkaguzi alikuja, akakibonyeza, akasogea nyuma akakitazama, akasema, "Kimeshika. Ila hii ni pasi?" Nikasema ni pasi. Akatia sahihi.

Kisha ikaja kazi ya kushona bawa hilo. Nilianza kuzunguka kama nilivyozoea. Tollef akaja akasimama upande wa pili, akaipokea sindano. Ana vidole vinene, anarudisha sindano kombo. Nikamuacha.

Nina swali, na usinikasirikie. Ulisema marehemu huwa na kiu. Mtu aliyekufa majini ana kiu gani? Mimi hata kujaza glasi siwezi, nikikaribia bomba nafikiri yeye ameshayanywa yote.

Nguo za mtoto sijaanza.

Dagny


Nanvacuak,
11 Juni 1979

Mwanangu,

Mto ulifunguka kwa kelele mwezi uliopita, mbwa wote wakajificha. Simeon aliruka kila siku hewa ilipokubali. Alikwenda chini chini mpaka watu wa kambi za samaki wakawa wanamrushia matusi. Aliona pikipiki. Imekwama kwenye mchanga, imeinama, chini kabisa karibu na bahari. Larion mwenyewe hakumwona. Wanaume walishuka kwa mashua, wakatafuta kingo zote kwa miti mirefu, hawakumpata.

Juzi alitua, akazima injini, akakaa ndani bila kushuka. Nilimwendea. Nikamshika mguu kwa chini, maana mimi ni mfupi, nikamwambia, "Inatosha. Umemtafuta kama mtu anavyotafutwa. Shuka ule." Akasema, "Mama, pikipiki nilimuuzia mimi." Nikasema, "Najua. Na mimi ndiye niliyemtuma siku ile kuchukua unga. Shuka." Akashuka. Hatukuwa tumeambiana.

Umeuliza kuhusu kiu. Hata mimi niliwahi kujiuliza, nikamuuliza mama mkwe wangu enzi zile, baada ya kaka yangu kuzama. Akaniambia maji ya kuzama si ya kunywa, kwa sababu hakuna aliyekupa. Hilo ndilo jibu, sina lingine. Mtu hukaa na kiu mpaka apewe na mkono wa mtu wake.

Nimeikagua ndege. Nimepapasa tumbo lake lote. Mshono wako ni mzuri kuliko wangu, na sikuwahi kumwambia mwanamke yeyote hivyo. Na ile alama ya pasi bawani nimeipapasa pia.

Simeon atakufuata kwa ndege. Ukikataa, mume wako wa kwenye susu atakasirika, naye ana mapafu ya kulia.

Agafia


Anchorage,
15 Julai 1979

Mama,

Nimefika salama. Nimeondoka kwako kama mwizi, bila kunywa chai, bila kuaga majirani. Ulinitazama ukaniacha, nakushukuru.

Nataka nikuambie yale ambayo sikuweza kuyasema pale chumbani, mlipokuwa mmekaa mkinitazama wote. Nilipomshika mtoto, alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Suruali niliyomshonea ilikuwa fupi. Simeon akasema, "Shemeji, mume wako umemvisha kaptura," watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa adabu, kwa meno tu. Ukanipa kikombe na kijiko. Nilimtia maji kidogo mdomoni, nikaona anavyokunja uso, kisha anafungua tena. Nikampa tena. Alikunywa, Mama. Alikunywa akinitazama tu, hakupepesa, na maji mengine yakateremka shingoni kwake, nikayapangusa kwa kidole. Nilisema, "Taratibu, yapo mengi." Baada ya hapo mnasema niliweka kijiko chini nikatoka. Mimi sikumbuki.

Hata wakati huo sikuhisi kitu. Ningependa kukuambia vingine. Nilitembea hadi kwenye ndege nikifikiri, basi, hata hili limeshindikana.

Simeon alinirudisha. Tulipofika kwenye milima, mvua ikatukuta, mvua nzito, inatupiga kutoka mbele. Unajua bawa liko juu ya kichwa chako, na ukigeuza shingo unaliona tumbo lake. Nilikaa nikikitazama kile kiraka. Mvua inapiga kitambaa, kinalia chote kama ngoma, mabawa yote mawili na mkia na mgongo, sauti ileile Larion aliyokuwa akiipenda, akisema ndege iliyokaza vizuri hujisifu yenyewe. Simeon akapiga kelele juu ya injini, "Shemeji! Inavuja huko nyuma?"

Nikainua mkono nikapapasa juu, nikapapasa pembeni, nikapapasa kwenye mishono. Pote pakavu. Nikagusa mapajani, gauni lote limelowa, na shingo, na kola. Nikatafuta maji yanatoka wapi.

Uliniuliza kama nimelia, na ulipoacha kuuliza nikakukosa. Basi jibu ni hili. Ngozi haikuvuja hata tone. Aliyevuja ni mimi, njia nzima mpaka Anchorage.

Mwambie mume wangu nitamshonea suruali nyingine, ndefu.

Dagny